Chaja Yako Ya Kitambo Haina Kazi, Lakini Hivi Vyuma Vya Wazee Wa Marekani Bado Vinapiga Mzigo

Fungua ile droo ya mathe ya kuwekwa kila kitu. Utapata chaja tatu za simu za kitambo na hakuna hata moja inaingia kwa simu uko nayo leo.

Sasa cheki hii. Huko Marekani kuna wazee wako na vyuma vya miaka ya 1950 na vinaingia fiti kwa mashine iliyonunuliwa mwezi jana. Ni kalibu za kujazia upya risasi za bunduki ya kuwinda. Kama umewahi kuona hizo video YouTube ukashangaa buda anafanya nini na maganda kwa gereji, hii ndiyo rada.

Kwanza, kalibu ni nini?

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba njano, kiwashio pale chini, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ukifyatua, vitatu vimeenda. Ganda linabaki, na ndilo la bei. Kwa hivyo wawindaji na walenga shabaha wa kule hulitumia tena, na kwao ni halali.

Shida ni kuwa ganda likifyatuliwa hupanuka. Kalibu ni chuma chenye shimo la umbo kamili. Mashine inasukuma ganda ndani, linabanwa, linarudi saizi. Ni kama foroma ya fundi wa viatu, tofauti ni kuwa hii inabana kutoka nje. Kalibu ya pili inakalisha kichwa kipya kwa mdomo wa ganda.

Za kitambo

Kampuni ya Ideal ilianza 1884 na kifaa kama koleo. Unabana kwa mkono, basi. Lyman wakainunua 1925 na wakaendeleza hiyo stori.

Baadaye ikaja Lee Loader, seti ndogo ya kuwekwa mfukoni. Hapo mashine ni nyundo yako. Inarudisha shingo ya ganda peke yake, so ganda linafaa bunduki ileile iliyolifyatua. Lipeleke kwa bunduki nyingine na linaweza kukataa kuingia.

Halafu kuna RCBS. Mwaka wa 1943 vita vilikuwa vimemaliza risasi madukani. Fred Huntington wa Oroville, California, akaanza kuchonga kalibu nyuma ya biashara ya dobi ya babake. Alikuwa anachukua maganda madogo yaliyotupwa na kuyageuza koti la vichwa vipya. Hiyo ni jua kali original.

Siri ya kudumu iko kwa thredi. Watengenezaji wengi walikubaliana: upana wa inchi 7/8, thredi 14 kwa kila inchi. Ndiyo maana kalibu ya guka inaingia kwa mashine ya mjukuu. Na risasi yenyewe haijabadilika saizi: ya .30-06 ilianza 1906 na bado iko mtaani.

Mpya zimeleta nini?

1. Skeli. Kwa kalibu ya zamani unazungusha skrubu, unapima, unarudia mpaka ikubali. Nyingi mpya za bei ziko na skeli juu, unasoma namba na kugeuza kidogo tu.

2. Bushi za kubadilisha. Unachagua shingo ibanwe kiasi gani, tofauti ni elfu moja ya inchi. Ya zamani ina saizi moja, upende usipende.

3. Shingo kunyooka. Kwa kalibu za kawaida, kitufe cha chuma huvutwa kupitia shingo wakati ganda linatoka, na kinaweza kuipeleka upande. Kuna miundo mipya inayobana shingo pole pole ikizunguka pini, bila huo mvuto.

Lakini usiingizwe box na neno kabaidi. Kwa maganda yaliyonyooka ya bastola, inakuepusha na mafuta. Kwa ganda la raifo lenye mabega, mafuta bado ni lazima, la sivyo ganda linakwama ndani na siku imeisha.

Sasa gani ndiyo kali?

Mwindaji wa swara mita 100, ya zamani inatosha kabisa. Aangalie tu kutu na mikwaruzo ndani, juu kila mkwaruzo utachorwa kwa kila ganda. Mtu wa kulenga shabaha yadi 1,000, hapo mpya inalipa doo yake.

Mimi niliacha kozi ya mekanika nusu, karo ilinishinda, nikaishia karakana moja Kariobangi. Mashine ya kuchonga chuma ilikuwa mzee kuniliko. Siku ya kwanza nilipima kwa macho, bushi ikaharibika. Fundi hakunipigia kelele, alinipea tu kipimo. Hapa ni vile vile, ila ukikosea risasi si bushi unaharibu. Bunduki inaweza kupasuka ikiwa kando ya uso wako, na kalibu mpya haiokoi mtu asiyepima.

Na usijaribu hii kitu kwa bedsitter yako Pipeline. Kenya, kutengeneza risasi bila leseni ni kesi ya jela. Hata risasi moja nzima mfukoni bila cheti inakuweka ndani.

Tazama video, enjoy, lakini chuma waachie wenye leseni.