Unataka Kuwa Mkunga? Usiikimbie Fizikia

Waulize wanafunzi wa sekondari kwa nini wanataka kuwa wauguzi wakunga. Wengi watajibu kwamba wanapenda watoto na wana moyo wa kusaidia. Sababu hizo ni njema, ila hazitoshi. Mama akiwa leba anahitaji mtu anayeigundua hatari mapema na kujua la kufanya, na ujuzi huo huanzia kwenye masomo ya sayansi ambayo wengi huyakwepa.

Vyuo vinalijua hilo. Hapa Tanzania, mwombaji wa stashahada ya uuguzi na ukunga anatakiwa awe amefaulu kidato cha nne kwa angalau D nne, zikiwamo za Baiolojia, Kemia na Fizikia. Masomo ya dini hayahesabiwi. Hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi. Mafunzo huchukua miaka 3, sehemu yake ikiwa wodini. Hata akihitimu, haruhusiwi kufanya kazi hadi asajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Ukitaka kuona sayansi hiyo ikifanya kazi, itazame patografu. Ni chati ambayo mkunga hujaza uchungu ukishakolea: mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi, kichwa cha mtoto kimeshuka kiasi gani, mama ana presha gani. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, na ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Mwaka 1972, madaktari Philpott na Castle, wakiwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, waliiongezea chati hiyo mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ili mkunga aliye kliniki ya mbali ajue ni saa ngapi ampe mama rufaa. Uamuzi huo ni wake, na anaufanya kwa kusoma grafu.

Hesabu nazo hazikwepeki. Mama mwenye kifafa cha mimba huanzishiwa gramu 4 za magnesiamu salfeti kwenye mshipa. Dawa ikiwa ya asilimia 50, gramu hizo zimo katika mililita 8. Mkunga huongeza mililita 12 za maji ya sindano, akapata mililita 20 za asilimia 20, kisha huidunga taratibu. Akikosea hapo, dawa ile ile inaweza kuzuia mama asipumue.

Hata damu inayomtoka mama baada ya kujifungua hupimwa. Kwa muda mrefu ilikadiriwa kwa macho, na macho mara nyingi hukadiria pungufu. Utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye vipimo unaowekwa chini ya mama, na matibabu yote ya kuzuia damu yakatolewa kwa pamoja bila kungoja. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60.

Je, huruma haina kazi? Inayo. Mama aliyefokewa leba huficha maumivu yake, na mimba ijayo huenda akajifungulia nyumbani. Mama aliyesikilizwa husema mapema kwamba kichwa kinamgonga au macho yanaona ukungu, dalili ambazo mkunga aliyesoma atazitambua kuwa za presha ya mimba.

Basi mwanafunzi mwenye ndoto hii asingoje matokeo ya kidato cha nne ndipo aulize sifa za chuo. Masomo ya sayansi huchaguliwa mapema, kabla ya kufika kidato cha nne. Atakayeiacha Fizikia wakati huo kwa kuiogopa, atakuwa ameiacha na leba.