Intel au AMD? Usinunue laptopu kwa stika

Vijana mnaojichanga mpate laptopu ya mtumba mnaniuliza sana: Intel au AMD? Mi nasema jina peke yake halitoshi.

Cheki mfano huu. Intel Core i7-7500U ya 2016 ina kore 2, inaanzia GHz 2.7. Core i5-8250U ya 2017 inaanzia GHz 1.6 tu, lakini ina kore 4. Muuzaji atakusifia i7, ila ukihariri video i5 hiyo inaiacha mbali, maana mzigo wanabeba wanne badala ya wawili. Tena Windows 11 inaikubali rasmi i5 hiyo, i7 hiyo haimo kwenye orodha.

Kwa AMD, Ryzen 5 3500U ya 2019 nayo ina kore 4, na kwenye magemu grafiki zake zinaizidi i5 hiyo. Zote tatu ni za wati 15.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance halafu CPU. Soma jina lote na idadi ya kore. Stika hubandikwa na yeyote!