Je, Wajua? Msiba wa Khedive Ismail

Mwanzoni mwa Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kuelekea Ceylon, Sri Lanka ya leo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Wengi walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Walikuwemo pia wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpido. Haikuchukua hata dakika tatu kuzama. Watu 1,297 walikufa. Ili kuokoa meli nyingine zilizosafiri pamoja na Khedive Ismail, manowari za Uingereza ziliilipulia nyambizi mabomu huku manusura wangali wakiogelea hapo hapo, kisha zikaizamisha. Mnara wa kumbukumbu jijini Nairobi una majina ya wahanga zaidi ya 600.