Mkufunzi wa masomo ya mtandao aijue na bei ya singa

KATA ya Magoma iko wilayani Korogwe, katika bonde la Lwengera, chini ya milima ya Usambara. Bondeni hapo mkonge umetanda. Juu milimani, upande wa Lushoto, wakulima wanapanda kabichi, karoti, viazi na nyanya zinazosafirishwa hadi masoko ya Dar es Salaam.

Wakulima wa pande zote mbili wanajua kulima. Kinachowapiga chenga ni hesabu za biashara na lugha inayotumika katika karatasi za biashara hiyo. Masomo hayo sasa yanaweza kutolewa kwa njia ya intaneti, wanafunzi wakiwa vijijini mwao na wakisoma kwa kushirikiana. Swali ni nani atawafundisha, na yeye mwenyewe ameandaliwa vipi.

Chukua mfano wa mkonge. Magoma ni miongoni mwa mashamba makubwa ya mkonge ya mkoa wa Tanga ambako wakulima wadogo walianza kupewa maeneo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mkonge huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kukatwa kwa mara ya kwanza. Katika muda huo mkulima anapalilia bila kuvuna singa hata kilo moja. Asiyejua kupanga matumizi ya miaka mitatu hujikuta ndani ya mkopo asiouelewa.

Baada ya kukata, hesabu nyingine inamsubiri kwenye korona. Singa kavu ni karibu asilimia 4 tu ya uzito wa majani mabichi. Mkulima aliyepeleka tani 50 za majani atarajie tani 2 hivi za singa. Akitegemea tano, atamwona kila mtu kuwa mwizi, na siku akipunjwa kweli hatakuwa na namna ya kuthibitisha. Aidha, singa hupangwa katika madaraja yenye majina ya Kiingereza kama 3L na UG, na kila daraja lina bei yake. Hapo somo la biashara na somo la lugha yanakuwa kitu kimoja.

Mashushushu wa soko

Tanzania si mgeni katika mafunzo ya aina hii. Mwaka 2005 Serikali na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD), kwa msaada wa Uswisi, walianzisha mradi wa First Mile. Ulikuwa ndani ya mpango mkubwa wa kuboresha masoko ya mazao, AMSDP, uliohusisha mikoa ya kaskazini, Tanga ikiwemo, na nyanda za juu kusini.

Vikundi vya wilaya vilibadilishana uzoefu kwa intaneti kupitia utaratibu ulioitwa Linking Local Learners. Vijijini, wakulima walichagua wenzao waliopewa jina la mashushushu. Hawa walikwenda sokoni, wakachunguza bei na wanunuzi, kisha wakatuma habari kwa simu za mkononi.

Fundisho kubwa la mradi huo ni kwamba habari peke yake haitoshi. Bei ikifika kijijini, lazima awepo mtu wa kuwakalisha watu waulizane: tuuze leo au tusubiri? Tukodi gari pamoja au kila mtu na gunia lake? Mtu huyo ndiye mkufunzi anayetakiwa.

Kuuliza kuliko kujibu

Katika darasa la kawaida mwalimu anaona uso wa mwanafunzi aliyepotea. Mtandaoni haoni chochote, kwani aliyekwama hunyamaza tu. Mkufunzi mzuri humtafuta mapema, hata kwa kumpigia simu, kabla hajaacha masomo.

Gilly Salmon, aliyekuwa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 2000 alipanga safari ya mwanafunzi wa mtandaoni katika hatua tano. Kwanza aweze kuingia na apate hamasa. Pili azoeane na wenzake. Tatu wapeane habari. Nne wajenge maarifa pamoja. Na tano ajitegemee. Wakufunzi wengi hukosea kwa kurukia hatua ya tatu. Wanamwaga maelezo kwa watu ambao bado hawajafahamiana.

Ndiyo maana njia bora ya kumwandaa mkufunzi ni kumfanya kwanza awe mwanafunzi wa masomo ya namna ileile. Ajionee adha ya mtandao kukatika, aandike swali asijibiwe, afanye kazi ya kikundi na mwenzake anayechelewa. Akitoka hapo atajua kwa nini kikundi kiwe kidogo, kwa nini kazi ya wiki iwe moja iliyo wazi, na kwa nini jibu lisicheleweshwe.

Vilevile ajifunze kuzuia ulimi. Wanakikundi wakiuliza gharama ya gunia la viazi, asiwatajie. Awaambie wa Magoma na wa Soni walete kila mmoja hesabu zake za mbegu, mbolea, vibarua na nauli, kisha walinganishe. Watagundua wenyewe kwamba gunia la lumbesa linamla muuzaji.

Kwa upande wa lugha, majadiliano yaende kwa Kiswahili, na Kiingereza kifundishwe kupitia vitu halisi kama mkataba, stakabadhi na barua ya kuomba bei. Anayelazimishwa kujadili faida kwa lugha asiyoimudu hutoka bila faida na bila lugha.

Vikwazo vipo. Bando la intaneti ni gharama na si kila bonde lina mtandao wa uhakika, hivyo masomo yawe mepesi, yanayofunguka kwenye simu. Hata hivyo, nchi ina msingi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimejenga uzoefu wa kufundisha watu walio mbali.

Halmashauri na vyama vya ushirika vinavyotaka masomo haya ni vema vianze na wakufunzi kabla ya kununua kompyuta. Kompyuta haiwezi kumuuliza mkulima wa Magoma kwa nini wiki hii amenyamaza.