Rozari ya Amani katika Nyumba za Ngara

Katika wilaya ya Ngara, kwenye vilima vya migomba vinavyopakana na Rwanda na Burundi, mwezi wa Oktoba, ambao Baba Mtakatifu Leo XIII aliuweka tangu mwaka 1883 kuwa mwezi wa Rozari Takatifu, ni mwezi wenye taadhima kubwa katika nyumba za Wakatoliki. Waumini wa Jumuiya Ndogo Ndogo hukutana jioni, leo kwa huyu na kesho kwa jirani yake, na kabla ya Ishara ya Msalaba mwenye nyumba hutaja nia: wagonjwa, marehemu, mvua, watoto walio katika mitihani, na aghalabu mwisho wa zote, amani ya dunia.

Asiyeijua nchi ile aweza kudhani kuwa nia hiyo ya mwisho hutajwa kwa mazoea tu. Hasha! Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja na usiku wake, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, wakatua Ngara na watoto wao na vyungu vyao, hata mahali paitwapo Benaco pakageuka mji wa turubai. Wahangaza, wenyeji wa Ngara, waliwasikia wageni hao bila mkalimani, kwa kuwa lugha zao zinakaribiana mno. Tena wengi wa wageni walikuwa Wakatoliki, waliozijua sala zile zile na litania ile ile, ambayo Papa Benedikto XV, vita kuu ya kwanza ilipokuwa ikiteketeza mataifa mwaka 1917, aliiongezea jina la Malkia wa Amani.

Hapa ndipo penye uchungu, wala haifai mzazi Mkatoliki apapite upesi. Katika Rwanda ile iliyojaa makanisa, wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka huo wa 1994, watu waliokimbilia Ntarama, Nyamata na Nyange wakitafuta himaya ya nyumba ya Mungu waliuawa humo humo. Na katika wauaji walikuwamo waliobatizwa na kufundishwa Salamu Maria na mama zao, kama walivyofundishwa waliouawa. Papa Fransisko, Machi 2017, alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji hayo. Maadamu mambo yalikuwa hivyo, mzazi apigaye magoti kuombea amani hana budi kuomba mawili: mwanawe asifikiwe na panga, na mkono wa mwanawe usilishike. Ombi la kwanza huja lenyewe, kwa kuwa ni la huruma ya mzazi. La pili ni zito, maana humlazimu akiri kwamba mtoto huyu asinziaye ubavuni pake, rozari ikimponyoka mkononi, aweza siku moja kuitwa na wenzake katika jambo ovu, akaitika.

Ndiyo sababu naisifu sana desturi ya wazazi wasiokubali sala ianze ilhali ndugu wawili wamenuniana, ambao huwataka kwanza waombane radhi, hata kama ugomvi wenyewe ni wa kikombe kilichovunjika. Kadhalika nawasifu wanaompa mtoto mdogo kuongoza kumi moja la rozari, akosee na kurudia, kisha wakamwambia ni akina nani waliombewa katika kumi hilo. Mtoto aliyewaombea watoto wa Goma au wa Khartoum kwa kutaja miji yao si rahisi kumwaminisha kesho kuwa watu wa mbali ni wadudu.

Nami ningependa nia hiyo itajwe kwa ukamilifu, mchana wa Januari mosi, siku ambayo Papa Paulo VI aliifanya tangu 1968 kuwa ya kuombea amani duniani, na jioni za Oktoba: watajwe wanaokimbia, watajwe waliozikwa, wala wasiachwe wale wenye silaha, kwani nao wana mama zao, na huenda mmoja wa mama hao yuasali usiku huu huu.