Modemu ya Mtandao wa Simu: Hatua Nne za Kuiunganisha na Kompyuta

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Lubumbashi, Kisangani au Bukavu aandikaye tasnifu yake mbali na maktaba kubwa hutegemea mara nyingi kijifaa kidogo kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta, nacho ni modemu. Kifaa hicho kinapogoma, mwenyewe hukimbilia kwa fundi na kulipa, hata kama kasoro ni ndogo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuunganisha modemu ni mfuatano wa hatua nne, kila moja ikitegemea iliyotangulia, na kwamba ajuaye ni hatua ipi iliyokwama huweza kujisaidia.

2. Neno na kazi yake

Neno modemu limeundwa kwa vipande vya maneno mawili: la kwanza lamaanisha kuubebesha wimbi ujumbe, na la pili kuuteremsha ujumbe huo. Kiswahili kingeweza kusema kupakia na kupakua, kama wafanyavyo wachukuzi wa bandarini. Lakini maneno hayo yamekwisha kupewa kazi nyingine, yaani kupeleka faili kwenye intaneti na kuzichukua huko. Kwa hiyo neno la kigeni limebaki, likavikwa irabu ya mwisho.

3. Hatua nne

Hatua ya kwanza ni kutambuliwa na kompyuta. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa umeme usiozidi miliampia 500. Tundu lililochakaa au waya mrefu mno huweza kuinyima modemu nguvu. Zaidi ya hayo, modemu nyingi, kama Huawei E220 iliyotolewa mwaka 2006, zina sura mbili. Zichomekwapo mara ya kwanza, hujitambulisha kama sahani ya CD yenye programu zao; programu hizo zikishawekwa, ndipo kifaa hugeuka kuwa modemu. Katika mfumo wa Linux kazi ya kukigeuza hufanywa na programu iitwayo usb_modeswitch. Aonaye alama ya CD peke yake asidhani kwamba kifaa kimekufa: hakijageuka tu.

Hatua ya pili ni kadi ya SIM. Kadi yenye ulinzi hudai tarakimu za siri, yaani PIN. Zikikosewa mara tatu mfululizo, kadi hufungwa, na hufunguliwa kwa namba ya PUK yenye tarakimu 8. Nayo PUK ikikosewa mara kumi, kadi haitumiki tena kamwe. Kwa sababu hiyo ni busara kuijaribu kadi kwanza ndani ya simu, kisha kuihamishia kwenye modemu. Ifahamike pia kwamba modemu iliyouzwa na kampuni moja ya simu huweza kufungwa isipokee kadi ya kampuni nyingine.

Hatua ya tatu ni jina la lango, lijulikanalo kwa herufi APN. Mtandao humtambua mteja kwa namba iliyomo ndani ya kadi, ambayo kwa kadi za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huanza na 630. Lakini kumtambua mteja si kumfungulia njia ya intaneti. Jina la lango ndilo linaloueleza mtandao ni njia ipi inayoombwa. Kila kampuni ina jina lake, nalo huulizwa kwa kampuni yenyewe. Herufi moja ikikosewa, au nafasi ikiachwa pasipotakiwa, muunganisho huweza kukataliwa hata kama mawimbi ni mazuri. Mahali pa jina la mtumiaji na neno la siri mara nyingi huachwa patupu, isipokuwa kampuni ikiagiza vingine.

Hatua ya nne ni kupiga. Modemu za aina hii hupiga namba *99#, zikitumia amri zianzazo na herufi AT, ambazo asili yake ni modemu ya simu za waya ya kampuni ya Hayes ya Marekani, ya mwaka 1981. Amri AT+CSQ huuliza nguvu ya mawimbi, na jibu lake huanzia 0 hadi 31. Jibu la 99 huonyesha kwamba nguvu hiyo haikuweza kupimwa. Jibu likiwa dogo, dawa ni kuisogeza modemu dirishani kwa waya mfupi, si kubadili mipangilio.

4. Baada ya kuunganishwa

Kompyuta ikishapata njia, huanza kujiletea masahihisho ya programu bila kumwuliza mwenyewe, na mega zilizonunuliwa kwa wiki nzima huweza kwisha kwa usiku mmoja. Katika Windows inafaa kuutangaza muunganisho huo kuwa wenye kipimo, ili sehemu kubwa ya masahihisho hayo isubiri.

5. Hitimisho

Dalili huonyesha hatua. Kifaa kisipoonekana, tatizo ni umeme au kugeuka. Kikidai tarakimu, ni kadi. Mawimbi yakiwapo na njia isifunguke, ni jina la lango. Njia ikikatika-katika, mara nyingi ni udhaifu wa mawimbi. Hata atumiaye simu yake badala ya modemu hukutana na kadi, lango na mawimbi yale yale. Mambo hayo yote yaweza kufundishwa kwa Kiswahili, na mwanafunzi aliyeyaelewa humweleza fundi kasoro yenyewe, asiishie kusema kwamba intaneti haitaki.