Adabu ya Kusahihishana Kazini

Ndugu zetu Waislamu, vijana wetu siku hizi hutoka katika vyuo vya ufundi na elimu ambayo wazee wao hawakuipata, na hilo ni jambo la kumshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini elimu ni kitu kimoja, na adabu ya kuisema ni kitu kingine.

Tulimshuhudia kijana mmoja, aliyepata kusoma madrasa kwetu, akiwa kazini kwenye ujenzi wa nyumba. Fundi mkuu, mtu wa makamo, aliamrisha maji yaongezwe katika zege ili limwagike kwa wepesi. Kijana akapaza sauti mbele ya vibarua wote: "Mzee, wewe hujui kazi!" Haki ilikuwa upande wake, kwani maji yakizidi kipimo hupunguza nguvu ya zege. Lakini fundi alikwisha vunjiwa heshima. Akashikilia neno lake, na zege likamwagwa vile vile. Je, nani aliyefaidika? Si fundi, si kijana, wala si wenye nyumba watakaolala na watoto wao chini ya dari hiyo.

Lau angalimvuta kando akamwambia: "Mzee wangu, nahofia maji haya yatalidhoofisha zege, waonaje tukiyapunguza?" labda neno lake lingalipokewa.

Sahaba Muawiya bin Al-Hakam alipata kusema ndani ya Sala kwa kutojua, na watu wakamkazia macho. Mtume (S.A.W.) alipomaliza Sala hakumkemea wala hakumtukana, alimweleza tu kwamba maneno ya watu hayafai ndani ya Sala. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim, na aliyeisimulia ni Muawiya mwenyewe. Somo lile hakulisahau.

Hata hivyo, upole usiwe pazia la kuficha hatari. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, rubani mmoja alianza kurusha ndege yake katika ukungu, ilhali ndege nyingine ingali njiani mbele yake. Mhandisi wake aliuliza kama ile nyingine imekwisha ondoka. Rubani akajibu kwa yakini kwamba imeondoka, na mhandisi akanyamaza. Walikufa watu 583. Sababu za msiba ule zilikuwa nyingi, lakini swali lile lilistahili kurudiwa.

Basi twawausia vijana: tajeni kosa, msimtaje mkosaji; ulizeni kabla ya kuhukumu; semeni faraghani ikiwa wakati upo. Lakini roho za watu zikiwa hatarini, semeni wazi na mrudie mpaka msikiwe. Nanyi wakubwa wa kazi, msimzibe mdogo kinywa.

Adabu hii huanzia nyumbani. Mtoto anayemsikia baba akimwambia mama, "Hujui kupika," badala ya, "Leo chumvi imezidi kidogo," ataibeba lugha hiyo hadi kazini. Mwenyezi Mungu aliwaamrisha Nabii Musa na Nabii Harun (A.S.) wamwendee hata Firauni kwa maneno laini. Itakuwaje sisi kwa sisi?

Mwenyezi Mungu atuongoze katika ndimi zetu. Amin.